Njia Inapogawanyika Bombay

Mlinzi wa duka alimtazama papa Hubert kuanzia kwenye viatu, akapanda taratibu, na hata kabla hajafika usoni alikwisha kukata shauri.

"Papa, kazi hapa hakuna," akasema. "Rudia kule ulitoka."

"Sikukuya kutafuta kazi. Nilikuya kutafuta njia."

Mlinzi alicheka mpaka mwanamke aliyekuwa akichagua misumari akageuka kumtazama mtu huyo aliyepoteza njia katikati ya mji. Papa Hubert akajikagua. Shati lilikuwa safi, Simone alilipiga pasi asubuhi ile, lakini mikono ilikuwa ile ile ya fundi wa mota za mitumbwi, na grisi iliyoingia kwenye kucha haikuwa na nia ya kutoka kwa ajili ya ziara moja. Akaificha mifukoni. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, na siku nyingine angegeuza akarudi zake mtaani kwake Mangobo akitukana njia nzima. Lakini siku hiyo alikuwa na binti wa kuozesha.

"Carlos, mwachie papa aingie," ilisema sauti kutoka nyuma ya kaunta.

Ilikuwa sauti ya papa Jayanti, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mfupi mwenye mvi na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alikuja Kisangani kijana, akazeekea humo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mji kabisa, hata matusi yake. "Niambie, papa. Bati? Rangi? Simiti haijafika."

Papa Hubert alikuwa amejiandaa kueleza habari yote: kwamba binti yake Tania anaolewa na Mhindi, fundi wa minara ya simu. Ila duka lilikuwa limejaa watu, na Carlos mlinzi alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Akaona aibu kutaja ndoa ya mwanawe mbele ya watu wanaonunua misumari. Akasema kwa ufupi:

"Papa Jayanti, niko nataka kujua njia ya kwenu. Toka hapa mupaka kule. Bandari kwa bandari, nisikosee hata moya."

Mkono wa papa Jayanti, uliokuwa ukifunga mzigo wa mteja, ukasimama. "Ya kwetu?"

"Ya kwenu."

Miaka yote aliyokaa nyuma ya kaunta ile watu walikuwa wamemwuliza bei, wamemwuliza punguzo, wamemwuliza kama simiti imefika. Swali hili hakuna aliyewahi kumwuliza. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akamwita Carlos alete kiti, na baada ya kiti alete chai, na Carlos akaleta vyote viwili huku amenuna.

"Unapanda ndege Bangboka," papa Jayanti akaanza, "unafika Kinshasa. Toka Kinshasa unaenda Addis-Abeba. Addis-Abeba unaenda Bombay. Pale njo unashika gari-moshi."

* * *

Ieleweke kwamba papa Hubert hakuwa mwendawazimu. Katika ukoo wake, watu wa mto kutoka Yanonge, binti haondoki na mumewe mpaka baba yake asimame mbele ya watu ataje njia ya kwenda huko anakopelekwa, tangu mlango wa kwao hadi mlango wa wakwe. Kila bandari inapotajwa, watu huitikia kwa Kilingala, "Toleki!", yaani tumepita. Mwisho wa safari mkubwa wa ukoo humwuliza bwana arusi kama hapo ndipo anaposhuka. Akikubali, vigelegele. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: binti akiteswa huko, au akiugua, ndugu zake wawe wanajua pa kwenda kumchukua.

Sheria za jambo hilo zilikuwa chache lakini ngumu. Njia haiandikwi, maana karatasi hulowa. Na baba huitafuta mwenyewe kwa watu waliopita huko; haruhusiwi kumwuliza bwana arusi wala bibi arusi.

"Kijana anayetaka kuoa, ukimwuliza kama ni mbali atakuambia ni hapo tu nyuma ya nyumba," koko Agathe alipenda kusema. Huyo ndiye mkubwa wa ukoo, mama yake Hubert, aliyekuja kutoka Yanonge na kuku wawili na kikapu cha mihogo. Kitu cha kwanza alichofanya baada ya kufika ni kumwamuru Tania ahamie kwa shangazi yake Colette hadi siku yenyewe, asije akamnong'oneza baba yake.

Binti wa kwanza, Chancelle, alikuwa ameolewa Isangi, na papa Hubert aliitaja njia ile kwa pumzi moja huku anatabasamu. Sasa ilikuwa Inde, nchi ya Wahindi.

"Inde iko upande gani ya muto?" koko Agathe akauliza.

"Mama, iko ngambo ya bahari."

"Bon. Bahari nayo iko na ngambo. Utataya zote."

Naye alisema hivyo akijua vizuri kilichokuwa mezani. Tiketi za ndege zilikuwa zimeshakatwa za Jumanne. Kampuni ilikuwa imempa bwana arusi, Jomoni, likizo, na kanisa la kwao huko Inde lilikuwa limeshatangaza ndoa. Jumamosi ndiyo siku pekee iliyobaki. Njia ikikosewa, koko Agathe hatatoa baraka; na asipotoa baraka, papa Hubert, mwenye nywele zake nyeupe kidevuni, hakuwa na ubavu wa kumpinga mama yake. Tania angebaki Mangobo akiiangalia ndege inapita juu ya mabati. Binti mwenyewe alimpenda Jomoni bila kuficha, akitaja jina lake hata mahali ambapo halikuhitajika.

Basi papa Hubert akawa anarudi dukani kila alasiri. Carlos alianza kumpisha, halafu akaanza kumsalimu, mwishowe akawa anatafuta kiti kabla hajaambiwa. Papa Jayanti alimpandisha gari-moshi kutoka Bombay kuelekea kaskazini, na hakuwa na haraka. Alimsimamisha Navsari, akamweleza juu ya watu waliotembea kwa miguu hadi pwani ya karibu na hapo, Dandi, wakaokota chumvi kwa mikono yao kwa sababu Mwingereza alikuwa amewakataza kuokota chumvi ya bahari yao wenyewe. Alimwonyesha Surat. Alimvusha mto Narmada. Alimnywesha maziwa ya Anand, ambako wakulima wenye ng'ombe mmoja mmoja waliungana wakajenga kiwanda chao.

"Mwaka gani mulipata jimbo yenu?" papa Hubert akauliza siku moja, kwa kuwa alishaanza kunogewa.

"Mwaka elfu moya mia tisa makumi sita. Mwezi wa tano."

"Eh! Sisi tulipata uhuru mwezi wa sita, mwaka ule ule! Basi muko bakubwa zetu kwa mwezi moya."

Walicheka kama watu waliogundua kwamba walizaliwa mtaa mmoja. Papa Jayanti hakuuliza njia hiyo ni ya nini. Aliogopa kwamba akiuliza, maswali yataisha.

Nyumbani, Simone alikuwa amechoka. Mumewe alitaja majina kwenye chai, alitaja majina akiwa ameinamia mota, alitaja Vadodara huku ananyoa ndevu.

"Hubert," akamwambia asubuhi moja akiponda ndizi za lituma, "Bharuch ni nani? Uliita ile jina ukilala."

"Ni fasi, ni muji, muke wangu. Iko kando ya muto."

"Ni vizuri ikuwe fasi," Simone akasema, na mchi ukaendelea.

* * *

Jumamosi ua wa papa Hubert ulijaa mpaka watoto wakapanda ukuta. Viti vilikuwa vya mama Odile, jirani, ambaye alivikopesha kwa moyo mweupe na akapita kila safu kukumbusha jambo hilo. "Kile ni changu, mama, usiegemee sana," alisema. "Na kile. Na vile vyote vya bleu."

Upande wa bwana arusi walikuwa wachache. Jomoni alikaa wima ndani ya suti, mrefu na mwembamba, ngozi yake imeiva kwa jua la juu ya minara. Kando yake alikaa Sunil, mwenzake wa kazini. Kwenye stuli yenye kitambaa ilisimamishwa simu, na ndani ya simu alikuwamo mama yake Jomoni, mama Aleyamma, amevaa nguo nyeupe na miwani, akichungulia ua wa watu kana kwamba anatazama kwa dirisha. Mtandao ulikuwa safi. Jomoni alikuwa amepanda mnara wa Mangobo asubuhi ile ile, kabla ya kuoga, kuhakikisha.

Kwa kuwa kijana hakuwa na mzee wake mjini, alikuwa ameomba mzee yeyote Mhindi amkalie upande wake. Akapatikana mmoja aliyekubali mara moja, kwa kuwa anapenda sherehe. Papa Jayanti alipoingia uani na kumwona papa Hubert amesimama katikati, alifungua mikono.

"Papa Hubert! Kumbe ni mutoto wako njo anaolewa!"

"Ni miye!" papa Hubert akasema kwa furaha kuu. "Sasa utasikia masomo yako."

Papa Jayanti alikaa akitabasamu, na tabasamu lile likaanza polepole kupata mashaka.

Papa Hubert akakohoa. Koko Agathe akainua fimbo yake. Ua ukanyamaza.

"Mangobo!" papa Hubert akaita.

"Toleki!"

"Bangboka, pale ndege inatuchukua!"

"Toleki!"

"Kinshasa! Addis-Abeba!"

"Toleki! Toleki!"

"Bombay, muji haina mwisho, tunashuka, tunashika gari-moshi!"

"Toleki!"

Sauti yake ilikuwa imeshika moto. Alitaja Navsari na watu wa chumvi, na wazee wakaguna kwa heshima. "Surat! Diama yote yenye munachimba hapa Tshopo, ya Bafwasende, ya wapi, inaenda kule, banaikata, banaipiga masasa mupaka inawaka!"

"Toleki!" ua ukanguruma, na mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kwenye mashimo ya almasi akasimama na kusema, "Kumbe njo kule vinaendaka!" Ilibidi avutwe shati akae.

Bharuch, mto ukavukwa. Vadodara. Anand, wakanywa maziwa. Ahmedabad, mji wa viwanda vya nguo. Kisha magharibi, Bhuj, ambako upande mmoja ardhi ni chumvi tupu hadi macho yanauma. Na mwisho kabisa, mji wa pwani ambako mafundi bado wanajenga merikebu za mbao kwa mikono, mtaa wa nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu.

"Mandvi!" papa Hubert akamalizia, jasho linamtoka.

"Toleki!"

Vigelegele vilikuwa tayari kwenye koo. Koko Agathe akavizuia kwa fimbo, akamgeukia kijana. "Jomoni, mutoto wangu. Unashuka pale?"

Jomoni akamtazama koko, kisha papa Hubert aliyekuwa anang'aa kwa fahari. Nyuma ya pazia la mlango, Tania alikuwa ameshika mkono wa shangazi Colette kwa nguvu. Yeye alijua jina la kijiji cha Jomoni na hakujua kingine; Inde ni kubwa, alifikiri, labda mtu hupita kwenye chumvi na almasi kabla ya kufika. Lakini uso wa mchumba wake ulimwambia vingine. Sema ndiyo, alimwomba kimoyomoyo. Neno moja tu, nani atajua?

Na kweli hakuna ambaye angejua, isipokuwa Sunil, ambaye asingesema, na mzee mmoja aliyekuwa amevua miwani yake na kujifuta macho. Jomoni angeweza kusema ndiyo na Jumanne wakapanda ndege. Lakini alikuwa ameelewa njia hiyo inatajwa kwa sababu gani, na hakutaka watu hawa, siku ya shida, waende kubisha kwenye mlango wa bluu usio wake.

"Hapana, koko," akasema. "Munisamehe. Pale siye kwetu. Pale sijafika hata siku moya."

* * *

Kelele iliyozuka ilisikika hadi sokoni. Mmoja alisema kijana amebadili nia, mwingine kwamba hana kwao. Mama Odile alianza kuvitazama viti vyake kimoja kimoja. Simone alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza kama chakula kigawanywe au kifunikwe. Kutoka kwenye simu mama Aleyamma alikuwa anauliza swali lile lile kwa lugha ya kwao, kwa sauti inayopanda.

Papa Hubert alikaa chini. Majina yote yale aliyoyabeba siku hizo zote yalimlemea, na mikono ikarudi yenyewe mifukoni. Alikuwa amemfunga binti yake mwenyewe, mbele ya mtaa mzima, kwa mdomo wake.

"Papa Jayanti," akasema kwa sauti ndogo, "ulinidanganya?"

Papa Jayanti alisimama. "Hapana, papa Hubert. Uliniuliza njia ya kwetu. Nilikupa ya kwetu. Mulango ya bleu ni ya mama yangu."

"Lakini weye na yeye muko bahindi wote!"

"Na weye na mutu ya Lubumbashi? Muko bakongomani wote. Nikienda kwenu, nishuke Lubumbashi?"

Hapo watu wakaanza kucheka, mmoja hapa, mwingine pale, kwa sababu jambo lilikuwa wazi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amelifikiria. Mtaani kwao kila Mhindi alikuwa ametoka Inde, ikaisha.

"Kwetu ni Gujarat, kwao ni Kerala," papa Jayanti akaendelea. "Lugha yao miye sisikie. Toka kwetu mupaka kwao ni mbali kuliko toka hapa mupaka Lubumbashi."

"Alors, njia ilipotea wapi?" koko Agathe akauliza. Yeye hakuwa amecheka.

"Bombay, koko. Mupaka Bombay papa Hubert alikuwa sawa kabisa. Pale njo njia inagawanyika. Moya inapanda kwetu, ingine inashuka kusini kwao."

Koko Agathe aliegemea fimbo yake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko chake cha kizee kikatoka kwa kelele.

"Kumbe aliingia Lomami!"

Watu wa mto walipasuka kicheko, na wa bara wakaelezwa haraka. Mto Lomami unaingia mto mkubwa pale Isangi, na mdomo wake ni mpana; mgeni anayepanda kutoka chini, hasa asubuhi ya ukungu, huweza kuushika akidhani bado yumo kwenye mto mkubwa, akapiga makasia nusu siku anashangaa kwa nini kijiji chake hakitokei. Mtu wa namna hiyo hutaniwa, lakini haitwi mwongo.

"Hata marehemu baba yako aliingia Lomami, Hubert, na muzigo ya samaki," koko Agathe akasema akijifuta machozi. "Ilioza yote. Nilimupokea vile vile. Mutu aliingia Lomami anafanyaka nini?"

"Anarudi Isangi," papa Hubert akasema, kichwa kikianza kuinuka.

"Rudi Isangi, mutoto wangu. Shika muto."

Tatizo likabaki moja: nani atamwonyesha? Jomoni alifungua mdomo, fimbo ikamwelekea, akaufunga. Ndipo simu kwenye stuli ikapiga ukelele, na Sunil, ambaye siku nzima hakuwa amesema kitu, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mama anauliza, tatizo ni nini? Nimwambie?"

"Wewe unasikia lugha yake?" koko akauliza.

"Miye pia ni wa Kerala, koko. Lakini kijiji yake siijui. Mama njo anajua."

"Mama ya bwana arusi ametembea ile njia," koko Agathe akaamua. "Sheria haimukatazi. Aseme."

Mama Aleyamma alipoelezwa alipiga kofi shavuni. Kisha akajiweka sawa mbele ya simu, na mara ikaonekana kwamba naye, huko kwao, alikuwa mtu wa kuamuru. Alisema, Sunil akafasiri, papa Hubert akasimama akayachukua maneno moja moja akayarusha kwa watu.

"Bombay!" akaita upya.

"Toleki!"

"Goa! Mangalore!"

"Toleki! Toleki!"

"Kozhikode, pale Mureno alifika zamani na merikebu yake akitafuta pilipili manga!"

"Alipata?" mzee wa almasi akauliza.

"Alipata, akaanza kuleta fujo."

"Njo vile banafanyaka," mzee akasema, na ua ukaitikia Toleki kwa uchungu kidogo na kicheko kingi.

Thrissur. Kochi, mji wa bandari. Kule juu vilimani, mama Aleyamma akasema, kuna mpira, miti ya mpira kila mahali. Neno hilo liliwafanya wazee wa Tshopo watazamane, maana babu zao waliujua mpira kwa fimbo na bunduki za Wabelgiji.

"Bakulima wa kule, banakata mpira kwa kulazimishwa?" koko Agathe akauliza.

Sunil akauliza, akajibiwa. "Hapana, koko. Kila mutu na miti yake. Baba ya Jomoni alikuwa na yake, alisomesha nayo watoto."

"Bon," akasema koko, na ilionekana kwamba jibu hilo limemfaa kuliko zawadi zote zilizoletwa.

Alappuzha, ambako maganda ya nazi husokotwa kuwa kamba na mikeka. Na hapo, mama Aleyamma alisema, gari linaishia. Papa Hubert alimtazama Sunil. Linaishia vipi?

"Anasema kutoka pale ni maji. Hakuna barabara. Unapanda mutumbwi."

Papa Hubert aliomba arudiwe. Badala ya kurudia, mama Aleyamma alichukua simu yake akatoka nayo nje, na ua wote wa Mangobo ukasogea mbele, viti vya mama Odile vikilia. Waliona michikichi, au miti ya kufanana nayo. Waliona ngazi za mawe zinazoshuka kwenye maji mapana ya kijani. Mtumbwi umefungwa kwenye mti. Mtu amesimama ndani ya mtumbwi mwingine, anasukuma kwa mti mrefu, anapita bila haraka. Kando ya nyumba kulikuwa na majani ambayo kila mtu pale aliyajua tangu alipoota meno.

"Ile siye mihogo?" Simone akapiga kelele na mwiko juu. "Banakula mihogo?"

"Na samaki," Sunil akafasiri. "Anasema mihogo na samaki, kila siku ile Mungu anaumba. Na mupunga wanalima chini kuliko bahari, wanazuia maji kwa kuta ya udongo."

"Eh, Nzambe! Ni Yanonge!" mtu akalia, na baada ya hapo hakukuwa na utaratibu tena. Mama Aleyamma aliwaambia juu ya mashindano ya mitumbwi mirefu kama nyoka, wanaume mia hivi ndani ya mtumbwi mmoja, wanapiga makasia kwa wimbo. Wanaume wa Mangobo wakajipanga safu mbili pale pale wakapiga makasia hewani. Mashua yenye mota ilipita nyuma ya mama Aleyamma. Papa Hubert alitega sikio.

"Mota ile inakohoa," akasema. "Nikifika nitaitazama."

Kisha akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo watoto wa ukutani waliikumbuka kwa muda mrefu: "Kuttanad! Bandari ya ngazi ya mawe, nyuma ya kanisa, mutumbwi umefungwa kwa muti, mulango ya mama Aleyamma!"

"Toleki!"

"Jomoni," akasema koko Agathe, "unashuka pale?"

"Niko nashuka, koko. Pale njo kwetu."

Tania alitakiwa asubiri aitwe. Alitoka akikimbia, kilemba kimemwangukia begani, na vigelegele vikamkuta katikati ya ua. Koko Agathe alimpaka mate ya baraka kwenye paji la uso, akampaka na Jomoni, ambaye ilibidi apige magoti ili afikiwe.

* * *

Waliimba, wakala. Hakuna aliyeuliza tena kiti ni cha nani, maana mama Odile mwenyewe alikuwa anacheza amekinyanyua kimoja kichwani. Simu iliwekwa karibu na sufuria ili mama Aleyamma aone kinachopakuliwa, naye akatoa maoni ambayo Sunil hakuyafasiri yote.

Papa Hubert akamkuta papa Jayanti amekaa peke yake, sahani tupu magotini; samaki waliompitishia alikuwa amewakataa, kwa kuwa hali samaki.

"Unirehemu, papa. Nilikutesa siku zile zote kwa njia siye yenyewe."

"Hukunitesa." Mzee aliizungusha sahani. "Papa Hubert, mama yangu alikufa, nyumba iliuzwa, sikurudi tena. Leo ulisema mulango ya bleu mbele ya batu bengi vile, banaitikia. Miye nilikuwa nasikia kama niko nafika. Halafu kijana akasema hapana." Alicheka kidogo, akashindwa kuendeleza kicheko. "Alisema kweli, alifanya vizuri. Ila miye nilibakia pale njiani."

Papa Hubert alimwangalia. Hakuwa mtu wa maneno ya kubembeleza. Alitoa mikono mifukoni, akaipiga makofi mara mbili, makofi ya fundi, na ngoma zikanyamaza.

"Batu ya Mangobo!" akaita. "Njia ingine ilibakia! Simameni!"

Wakasimama, wengine na vipande vya samaki mikononi. Tania na Jomoni wakasimama, vidole vimeshikana. Hata Carlos mlinzi, aliyekuja kumrudisha bosi wake na akaishia kwenye sufuria, alisimama.

"Bombay, tunashika ya juu!"

"Toleki!"

Navsari wakaokota chumvi. Surat, mzee wa almasi akasimama tena, safari hii bila kuvutwa shati. Narmada, Anand, Ahmedabad. Papa Hubert hakuruka hata moja, na hakuna aliyeitikia kwa uvivu. Papa Jayanti alikuwa amesimama katikati yao, analia waziwazi kama mtoto, wala hakujificha.

"Mandvi! Nyuma ya soko, mulango ya bleu!"

"Toleki!"

Koko Agathe akanyanyuka kwa fimbo yake, akamsogelea mpaka wakatazamana.

"Papa Jayanti. Unashuka pale?"

"Ndiyo, koko. Pale njo kwetu."

"Basi umefika," koko Agathe akasema. "Simone, mupe lituma, bila samaki, yeye hakulake samaki. Mutu huyu anatoka mbali."